Siri ya Mazingaombwe Si Amana Yako

Mnong'oneze jirani yako kwenye onyesho la mazingaombwe kwamba sarafu haijahama, imebaki kiganja kile kile, uone utakavyotazamwa. Utadhani umechomoa pochi ya mtu. Wengi wanaamini kwamba siri ya mfanya mazingaombwe ni mali yake, na kwamba aliyelipa kiingilio anapaswa kumtunzia: asichunguze, asikisie, na akigundua, afunge mdomo. Imani hiyo haina mashiko.

Tuanze na hilo la mali. Teller, msanii wa mazingaombwe wa Marekani, alimshtaki mtu aliyeiga mchezo wake wa kivuli cha waridi na kutangaza kuuza siri yake. Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ilimpa Teller ushindi, lakini ilicholinda ni igizo lake, yaani mpangilio wa matendo jukwaani. Mbinu yenyewe haikupewa hakimiliki. Wapo pia wanaofungwa na kiapo. Wanachama wa The Magic Circle, chama kilichoanzishwa London mwaka 1905, wamekubali kutotoa siri nje, na anayekiuka anajua anaweza kufukuzwa. Wewe uliyekata tiketi uliapa lini? Tena onyesho hilo linaishi kwa kukisia kwako. Mtazamaji asiyejiuliza "kafanyaje huyu?" hajaburudika, amesinzia.

Watetezi wa usiri watasema ukishajua, utamu umekwisha. Hata Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliandika kwamba vikombe na vijiwe vya kiinimacho humpendeza mpaka pale atakapoonyeshwa jinsi vinavyochezwa. Basi angewaona Teller na mwenzake Penn wakicheza mchezo huo huo kwa vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani. Unauona mpira ukiingizwa, unauona mkono ukiuficha, na bado macho yanaachwa nyuma. Hapo ndipo unapoanza kuheshimu vidole vilivyofanya mazoezi miaka na miaka. Mchezo unaokufa kwa kuwa mtu mmoja amejua siri yake ulikuwa mahututi tangu mwanzo.

Na usiri huo tunaouheshimu umewahi kutumikia mabwana wabaya. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka mfanya mazingaombwe Jean-Eugène Robert-Houdin nchini Algeria ili avunje heshima ya viongozi wa dini walioaminika kutenda miujiza. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliweka jukwaani kisanduku ambacho hata mtoto angekiinua. Akamwita mwanamume mwenye misuli, akamwambia anamnyang'anya nguvu zake. Yule bwana akavuta, akavuta tena, kisanduku hakikusogea hata unywele. Chini ya sakafu palikuwa na sumaku ya umeme. Je, mtu ambaye angesimama ukumbini na kusema "ni sumaku hiyo" angekosa adabu? Angewatendea haki wenzake waliokuwa wakifundishwa kwamba mkoloni ana uchawi kuwashinda.

Miaka 130 baadaye, mhubiri Peter Popoff wa Marekani alikuwa akitaja majina, anwani na maradhi ya waumini kana kwamba anafunuliwa na Mungu. James Randi, ambaye mwenyewe alikuwa mfanya mazingaombwe, alifika na mitambo ya kunasa mawimbi ya redio mwaka 1986. Ikasikika sauti ya mke wa mhubiri, akimsomea mumewe sikioni kadi za maombi zilizojazwa na waumini wenyewe. Wakenya nao walionyeshwa kwenye runinga mwaka 2014 jinsi chembe za pamanganeti ya potasiamu zilivyoyafanya maji ya kuoshea waumini miguu yawe mekundu kama damu, na mhubiri akauita muujiza. Na kwenye karata za pata potea, anayemnong'oneza mgeni kwamba yule aliyeshinda sasa hivi ni mwenzake mchezeshaji amemwokolea nauli. Ukimwambia huyo kwamba siri ya mtu haitolewi, umesimama upande wa mwizi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni siri, uliza mwenye siri alikuambia nini alipochukua pesa yako. Aliyekuambia wazi kwamba atakuchezea macho, akatoza kiingilio tu, mfanyie uungwana: usiropoke katikati ya onyesho, usimwondolee mtoto wa kiti cha mbele mshangao wake. Ukitaka kukisia, kisia, na mkitoka nje jadilianeni hadi kituo cha basi. Lakini uungwana huo unatolewa kwa hiari, haudaiwi kama deni. Aliyekuambia ana nguvu za kuponya, kutabiri au kuzalisha pesa hajautia mkononi hata kidogo. Anayetaka siri yake istahiwe na aseme kwanza ukweli mmoja tu, kwamba anatudanganya. Akikataa, wa kwanza kumgundua na aseme, tena kwa sauti.