Kinyago na Mwenyewe: Hoja Kuhusu Mchongaji, Kazi Yake na Jina Lake

1.0 Utangulizi

Ni desturi iliyokwisha kuota mizizi katika vyuo vyetu kwamba mgeni akimaliza kazi iliyomleta, awe mtahini wa nje au mhadhiri mwalikwa, huagwa kwa zawadi ya kinyago. Msemaji huinuka, hushukuru, na kukitaja kitu kilicho mkononi mwake kuwa ni kinyago cha Kimakonde kilichochongwa kwa mpingo. Mgeni hupokea, picha hupigwa, shughuli hufungwa. Kabila limetajwa, mti umetajwa, aliyechonga hakutajwa. Lau zawadi ingekuwa diwani, tungeona ni utovu wa adabu kuitoa bila kumtaja mshairi.

Makala haya yanatoa hoja moja: kwamba ukimya huu ni kasoro ya kitaaluma, na kwamba sisi tunaoshughulika na Kiswahili na fasihi yake tuna sehemu yetu katika kuuondoa. Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe kama inavyofanyika siku baada ya siku. Mahali pa kuitazama si mbali. Karakana za vinyago za Mwenge, wilayani Kinondoni, ziko kando ya Barabara ya Sam Nujoma, mwendo mfupi tu kutoka Mlimani. Wengi wetu huzipita tukiwa ndani ya daladala.

2.0 Siku ya Mchongaji

Kazi huanza na gogo. Mpingo utokao mikoa ya kusini huingia Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, kupitia Mbagala, wilayani Temeke. Ni mti unaokua polepole mno. Hupita miongo mingi kabla haujafaa kuvunwa, na moyo wake ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mti huohuo hutakiwa na watengenezaji wa klarineti na ala nyingine za muziki huko Ulaya, nao huhitaji vipande vilivyonyooka visivyo na dosari. Mchongaji mara nyingi hupata vilivyopinda, vyenye mashimo na mafundo.

Hapo ndipo msomi anapopaswa kuwa makini. Sisi hupenda kudhani kwamba msanii huanza na wazo, kisha akatafuta umbo la kulibeba. Ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi wetu kutenga maudhui na fani. Katika karakana, hasa kwa anayechonga mtindo wa shetani, mambo huweza kwenda kinyume. Mchongaji huligeuza gogo, hulisimamisha, hulilaza, hulitazama tena. Tundu lililooza linaweza kuwa kinywa. Tawi lililopinda likawa mkono unaojishika kisogoni. Anachokisema kinyago hakikuwako kamili kabla ya gogo, wala hakimo ndani ya gogo bila mtu wa kukiona. Mjadala wetu wa fani na maudhui ungenufaika sana kama ungesogezwa hadi pale anapoketi mtu huyu.

Naye huketi chini, miguu ameinyoosha mbele, gogo amelibana kwa nyayo. Kwa shoka hupunguza, kwa tezo huondoa sehemu nyeupe ya nje mpaka moyo mweusi uonekane. Baadaye huja patasi na nyundo ya mti, kisha tupa, na mwisho msasa. Kila kifaa kina hofu yake. Tezo ikiteleza huchukua kidole. Patasi ikizidishwa nguvu hung’oa pua iliyokwisha kukamilika, na pua ya mpingo hairudishwi. Mti uliochongwa ukiwa mbichi ni rahisi kukatika, lakini ukikauka kwa haraka hupasuka. Kwa hiyo mchongaji hulinda kazi yake dhidi ya jua na upepo, na bado asubuhi anaweza kukuta ufa umepita katikati ya uso alioumaliza jana. Vumbi la mpingo nalo huwasha ngozi na kusumbua kifua, na mabanda mengi hayana kinga nyingine zaidi ya kitambaa kilichofungwa puani.

Upigaji msasa huchukua saa nyingi, na aghalabu huachiwa vijana wanaojifunza. Kwa njia hiyo kinyago kimoja huweza kupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika rafuni. Hatimaye huja mnunuzi. Mwenye duka huulizia kile kilichonunuliwa mwezi uliopita, na mchongaji mwenye watoto wanaosubiri ada hawezi kumpuuza. Hivyo hutokea kwamba fundi mwenye uwezo wa kubuni hutumia wiki nzima akirudia umbo lilelile, na kazi aliyoibuni kwa hiari yake hukaa pembeni ikingoja siku ambayo mfuko utaruhusu.

3.0 Deni la Lugha

Kiswahili kimekopa mengi katika karakana hiyo. Msasa kwanza ni mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumika kulainishia mbao. Jina likahamia kwenye karatasi ya dukani, na leo tunasema kwamba walimu wamepigwa msasa katika semina, au kwamba tasnifu yahitaji kupigwa msasa kabla ya kuwasilishwa. Kitenzi kuchonga kimezaa kuchongea, yaani kumsema mtu kwa nia ya kumdhuru, na mitaani kikazaa mchongo, kwa maana ya mpango wenye faida. Methali nayo hutwambia kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Methali hiyo yastahili kufikiriwa upya. Neno kinyago lina undugu na unyago, na katika matumizi yake ya zamani lilihusu sanamu na barakoa za kuwatisha au kuwafunza wali. Mchongaji wa methali haogopi kwa kuwa anajua siri: amekiona kikiwa gogo. Lakini vinyago tunavyovizungumzia hapa havichongwi kwa ajili ya kumbi za unyago. Vilizaliwa katika mazingira ya biashara ya mjini, hasa kuanzia miaka ya 1950, wakati Wamakonde wengi waliotoka Msumbiji walikuwa wamekwisha kuvuka Mto Ruvuma kutafuta kazi. Kwa mchongaji wa leo kinyago hakitishi; kinachotisha ni kwamba kikishatoka mlangoni hakimjui tena aliyekichonga.

Wachongaji wameunda pia istilahi za kuainisha kazi zao. Wanapotaja shetani, ujamaa au binadamu, wanataja tanzu, kila mmoja ukiwa na kanuni zake. Ujamaa, kwa mfano, ni nguzo ya watu walioshikamana na kubebana, na inaelezwa kwamba mtindo huo ulijulikana kwa jina la dimoongo kabla jina la kisiasa halijaenea katika enzi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Huo ni uhakiki uliofanywa na watendaji wenyewe. Hata hivyo, vitabu vyetu vya utangulizi wa fasihi huutaja uchongaji katika ukurasa wa kwanza, pamoja na ususi na ufinyanzi, kuthibitisha kwamba fasihi ina ndugu. Ukurasa wa pili ndugu huyo hayupo.

4.0 Suala la Jina

Tulinganishe na jirani. Picha za Tingatinga zilianza na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na mpaka leo wachoraji wanaomfuata hubeba jina lake, nao kwa kawaida hutia majina yao wenyewe kwenye picha. Mtindo wa rangi umepewa jina la mtu. Mtindo wa mti umepewa jina la kabila. Si kwamba wachongaji hawakuwa na watu wa kutajwa. Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani anahusishwa na mwanzo wa ule wa ujamaa. Kazi za John Fundi zilionyeshwa Paris mwaka 1989. George Lilanga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2005, alianza kwa kuchonga, lakini sifa kubwa duniani aliipata kwa picha zake za rangi. Ni wachache miongoni mwa wanafunzi wetu wa uzamili wawezao kuwataja wote wanne.

Yupo atakayepinga kwamba kinyago, kama ngano, ni mali ya jamii, na kukitafutia mtunzi ni kukitia ubinafsi wa kigeni. Hoja hii ina uzito kwa kinyago cha unyago. Kwa kinyago cha Mwenge haina, kwa sababu wachongaji wenyewe hutambuana kwa mkono: huyu hukata jicho hivi, yule huacha alama ya patasi mgongoni makusudi. Mwingine atasema kwamba kazi iliyopita mikononi mwa wanne haina mwenyewe mmoja. Basi na waandikwe wanne. Ugumu wa kugawa sifa haujawahi kuwa sababu ya kutogawa chochote.

Jambo hili si la heshima pekee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua sanamu kuwa kazi yenye kulindwa, lakini ni vigumu kwa mtu kudai haki katika kazi ambayo hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni yake. Ukimya wetu wa maandishi unamwondolea ushahidi mtu ambaye tayari ana uwezo mdogo wa kudai.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa uzamili wapelekwe karakana kama wanavyopelekwa vijijini kukusanya nyimbo na ngano, wakusanye istilahi za kazi kwa majina ya waliozisema, kwa ridhaa yao. Pili, watunga kamusi waziingize shetani, ujamaa na binadamu kwa maana zake za uchongaji. Tatu, kila makala inayojadili kinyago imtaje mchongaji, na asipojulikana isemwe wazi kwamba hajulikani, badala ya kuliacha kabila lijaze nafasi yake.

La tatu halihitaji fedha wala kamati. Safari ijayo tutakapotumwa Mwenge kununua zawadi ya mgeni, tumuulize muuzaji ni nani aliyechonga. Akijua, tuandike jina chini ya kinyago kwa kalamu isiyofutika. Asipojua, tutembee hatua chache hadi nyuma ya duka, kunakosikika tezo, tukaulize huko.