Tusichanganye nomino na kitenzi cha Kiingereza

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe walimu wenzangu wa Kiingereza kosa linalowapotezea wanafunzi alama bure: kuchanganya nomino na kitenzi vinavyofanana.

Barua nyingi za kiofisi huandikwa "please advice me". Si sahihi. "Advice", yenye c, ni nomino: ushauri. "Advise", yenye s, ni kitenzi: kushauri. Hapa sikio husaidia, maana s hiyo hutamkwa z. Lakini "practice" na "practise", au "licence" na "license", hutamkwa sawasawa. Mwanafunzi aifuate jozi ile ya kwanza: c ni nomino, s ni kitenzi.

Wamarekani huandika "practice" na "license" kwa matumizi yote mawili. Ndiyo maana kompyuta iliyowekwa tahajia ya Kimarekani huweza kuipigia "practise" mstari mwekundu. Shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza. Tusiiachie kompyuta ituamulie.

Walimu wenzangu, tuwatungishe wanafunzi sentensi kamili kwa kila jozi. Orodha ya kukariri pekee haitoshi.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro