Sibaya: Ukingo Umelindwa, Maji Yanapotea

Chimba shimo kwenye mchanga wa pwani hadi mkono uzame mpaka kiwikoni. Mchanga utageuka rangi, utalowa, kisha maji yataanza kujikusanya polepole. Hukuyaleta wewe, yalikuwapo. Ziwa Sibaya, kaskazini mwa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, ni shimo la namna hiyo, isipokuwa likijaa lina kilomita za mraba zipatazo 70. Ndilo ziwa kubwa la asili la maji matamu katika nchi ile. Halina mto mkubwa wa kulijaza wala mkondo wa kutokea baharini. Bahari ya Hindi iko ng'ambo tu ya matuta ya mchanga yaliyoota msitu, mengine yakizidi mita 100 kwenda juu. Kwa Kizulu isibaya ni zizi la ng'ombe, na kweli maji yale yamezungukwa kama mifugo zizini.

Zamani lilikuwa limeungana na bahari. Mpaka leo humo wamo viumbe wadogo, ndugu wa kamba, ambao asili yao ni maji ya chumvichumvi ya midomo ya mito, wakaachwa ndani matuta yalipoziba njia. Ziwa la aina hii likiharibika, hakuna jingine la kuazima mbegu.

Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii maji yake yameshuka kwa mita kadhaa, hata bonde la kusini likajitenga na ziwa kuu. Na yote hayo yametokea likiwa chini ya ulinzi wa kila aina: liliingia katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1991, na mwaka 1999 hifadhi ya iSimangaliso, ambamo ziwa limo, ikawa Urithi wa Dunia. Ulinzi huo umezuia ujenzi ufukweni na unawalinda viboko na mamba. Mvua inayolilisha ziwa, lakini, huanguka mbali na ukingo, kwenye mchanga wa vijijini na mashambani, ikazama na kusafiri chini kwa chini. Huko uzio haufiki.

Huko ndiko iliko misonobari ya mashamba makubwa yaliyoanzishwa na serikali karne iliyopita, na mikaratusi ambayo kaya nyingi zimepanda baadaye ili kuuza magogo kwa viwanda vya karatasi. Wapo wanaosema ukame peke yake ndio uliolishusha ziwa. Ukame ulikuwa mkali, hilo sibishi. Ila nyasi zilizokuwapo zamani hunyauka wakati wa kiangazi na kuacha kunywa. Mkaratusi una majani mwaka mzima, na mizizi yake huyafuata maji hadi chini. Mwaka ambao mvua haikunyesha ndio mwaka ambao tofauti hiyo inauma zaidi.

Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inatambua kwamba msitu wa kupandwa hupunguza maji, na inautaka uwe na leseni. Tatizo ni kwamba kipimo chake ni mtiririko wa mito, ilhali Sibaya hunywa kupitia mchangani, mahali ambapo jicho halioni kinachopungua. Watu wa Lamu, pwani ya Kenya, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Maji matamu ya mji wao hutoka katika visima vya matuta ya Shela, na ndiyo sababu ujenzi juu ya matuta yale umezua ugomvi wa miaka mingi.

Je, misonobari na mikaratusi ikatwe? Ndiyo, ipunguzwe, na nitasema ianzie wapi. Ianzie kwenye mashamba makubwa, maana ndiyo yaliyotangulia na ndiyo yenye eneo. Mama aliyepanda nusu ekari ili alipe karo asiwe wa kwanza kuambiwa ashike shoka. Akifikiwa, kwanza alipwe thamani ya miti yake, tena apewe zao la kuuza lisilonywa kama mkaratusi, na mnunuzi awe amekwisha kupatikana kabla gogo la kwanza halijaanguka. Gharama hiyo ni ya nchi nzima. Na haifai kungoja: sakafu ya ziwa lile iko chini ya usawa wa bahari, na kinachoizuia chumvi isipenye ni uzito wa maji matamu yaliyobaki.