Daftari la Wiki: Kabla ya Kusifu Urefu

Kila Septemba bandari ya Port Hercule mjini Monaco hujaa yoti za kifahari kwa ajili ya maonyesho, na swali linalotangulia kila mara ni la urefu. Ni swali dhaifu. Azzam, iliyoundwa na Lürssen wa Ujerumani na kukabidhiwa mwaka 2013, ina mita 180. Dilbar ya kiwanda hichohicho, ya mwaka 2016, ina mita 156 tu. Lakini ukipima ujazo wa ndani, Dilbar ina tani 15,917, na Azzam haifiki 14,000. Azzam ilichongwa nyembamba ili ikimbie kupita noti 30. Dilbar ilipanuliwa ipate vyumba. Ukizipanga kwa urefu peke yake, hujazilinganisha bado.

*

Huko Muscat kuna Al Said, mita 155, iliyokamilika mwaka 2008 kwa ajili ya Sultani Qaboos. Mtawala huyo alipenda muziki kwa dhati, na mwaka 1985 alianzisha orkesta ya kifalme ya Oman. Ndani ya yoti yake mkawekwa ukumbi unaotosha wanamuziki 50. Uchaguzi wa namna hii naukubali: mwenye chombo alijua atakifanyia nini kabla ya chuma kukatwa.

*

Jeff Bezos alichagua tanga. Koru yake ya mwaka 2023 ina mita 127 na milingoti mitatu, na kwa sababu ya milingoti hiyo helikopta haina pa kutua. Kwa hiyo hufuatwa na meli ya huduma, Abeona, yenye mita 75. Anayetaka tanga na helikopta kwa pamoja ajue ananunua vyombo viwili, mabaharia wa vyombo viwili na mafuta ya vyombo viwili. Mimi ningechukua Black Pearl ya mwaka 2018. Ina mita 106, milingoti yake huzunguka yenyewe kuufuata upepo, na ikienda kwa tanga rafadha zake huzalisha umeme.

*

Wiki hii nimeirudia ripoti ya Bayesian, na bado inaniuma. Yoti hiyo ya mita 56 ilizama karibu na Porticello, Sicily, alfajiri ya Agosti 19, 2024. Kati ya watu 22 waliokuwamo, 7 walikufa, wakiwemo tajiri Mike Lynch, binti yake na mpishi wa chombo. Ilikuwa na mlingoti mmoja tu, wenye urefu wa mita 72 hivi, na mkuku wa kupandishwa na kushushwa. Ukishushwa, chombo kilihitaji kina cha karibu mita 10; ukipandishwa, mita 4 zilitosha kuingia bandari ndogo. Usiku ule ulikuwa umepandishwa.

Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walisema mwezi Mei 2025 kwamba katika hali ile upepo wa ubavuni unaozidi noti 63.4 ungetosha kukipindua. Hatari hiyo haikuandikwa katika kijitabu cha uthabiti kilichokuwamo chomboni. Nahodha hakuwa na mahali pa kuisoma.

Baharia wa jahazi huuliza habari za farumi kabla ya kupanda. Mnunuzi wa yoti huonyeshwa marumaru, bwawa la kuogelea na sinema. Nasema wazi: yoti ambayo muuzaji hawezi kukueleza itapinduka kwa upepo gani, tanga likiwa juu na likiwa chini, mkuku ukiwa juu na ukiwa chini, haifai hata ikiwa nusu bei.

*

Kwa wanaokodi: yoti nyingi za kukodi hazibebi zaidi ya abiria 12, kwa kuwa zikizidi hapo huingia kwenye sheria kali za meli za abiria. Juu ya kodi ya wiki huongezwa takriban asilimia 30 kwa ajili ya mafuta, chakula na ada za bandari.

*

Vijana wanaosomea ubaharia Mombasa na Dar es Salaam nao wana haki ya kuchagua. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unazihusu pia yoti zinazofanya biashara ya kukodishwa. Baharia anastahili mkataba wa maandishi na mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Basi unapolinganisha yoti mbili zinazotafuta mabaharia, omba mkataba uusome kabla ya kusafiri, uulize utalala wapi na utapumzika saa ngapi. Wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, usimlipe. Mkataba huohuo unamkataza.