Kuhara hakusubiri mji ufikishe watu 50,000

Jumatatu moja usiku, mama mmoja aliletwa na boda boda katika hospitali ninayofanya kazi, akiwa amempakata mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili. Macho yalikuwa yameingia ndani, mdomo umekauka, na alipolia hakutoa machozi. Tulimwekea dripu, na kufikia asubuhi alikuwa ameanza kunyonya tena. Nilipomuuliza mama anakotoka, alinitajia mji ule ule walikotoka watoto wengine wawili niliowalaza wiki hiyo kwa ugonjwa huo huo.

Mji wenyewe hausikiki kwenye habari. Zamani ulikuwa soko la njia panda. Leo una nyumba za kupangisha zilizobanana, shule za kibinafsi na maduka ya kila aina. Lakini hauna mabomba ya majitaka, na lori la kuzoa takataka halifiki. Vyoo vya shimo viko hatua chache kutoka kwa visima ambavyo watu huteka maji ya kunywa. Mama aliniambia kwamba wakazi wamelalamika mara nyingi. Jibu wanalopewa ni kuwa mji wao haujafikisha idadi ya watu ya kuitwa manispaa.

Nataka uelewe jibu hilo, mzazi mwenzangu, kwa sababu linamgusa mwanao.

Hapa Kenya, sheria ya maeneo ya miji na majiji ya 2011 hupanga miji kwa madaraja, na kigezo kimoja kikubwa ni idadi ya wakazi. Mwanzoni, mji ulihitaji watu 500,000 ili uwe jiji. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, kiwango hicho kilishushwa hadi 250,000, na cha manispaa kikawa 50,000. Sheria hiyo hiyo ina orodha ya huduma zinazoambatana na madaraja hayo: maji na usafi, ambulansi, zimamoto, uzoaji taka, vichinjio, hata makaburi. Ukiisoma kwa jicho la daktari, utaona kuwa nyingi ya huduma hizo ni kinga dhidi ya magonjwa.

Sasa tazama jinsi mstari huu ulivyo wa kuchorwa na binadamu. Katika sensa ya 2019, mji wa Nakuru ulikuwa na watu 570,674, Eldoret 475,716 na Kisumu 397,957. Kisumu imekuwa jiji tangu 2001. Kwa kiwango cha zamani cha 500,000, ingekuwa vigumu kuhitimu. Nakuru ilipata hati yake Desemba 2021. Eldoret ilipata Agosti 2024, na isingefaulu kama kiwango hakingeshushwa. Wagonjwa wa Eldoret hawakubadilika siku ambayo marekebisho yalipita. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye karatasi.

Na tarakimu hiyo hufuatwa na pesa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za kusaidia miji ya kaunti zetu. Walengwa walikuwa miji 59 katika kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje. Mji ulitakiwa uwe na hati ya manispaa na bodi ya kuusimamia. Waliofuzu walijenga barabara, mitaro ya maji ya mvua na masoko. Mji wa yule mama haukuwa kwenye orodha.

Sisemi viwango vifutwe. Nchi haina uwezo wa kujenga hospitali kubwa katika kila kituo cha biashara, na lazima pawe na njia ya kuamua nani atangulie. Sisi madaktari pia tunatumia viwango kila siku. Pengine umewahi kumwona muuguzi akimzungushia mtoto wako utepe wa rangi kwenye mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto ana utapiamlo mkali. Lakini mtoto akipima 11.6, hatumfukuzi tukimwambia mama arudi mwanawe akikonda zaidi. Tunampa chakula cha ziada, tunamwandikia tarehe ya kurudi na tunamfuatilia. Kiwango hutuambia tuanzie wapi. Hakituruhusu kufumba macho.

Mji wenye watu 45,000 unastahili kutazamwa hivyo hivyo. Kuna mambo mawili ambayo hesabu ya wakazi haionyeshi. La kwanza, sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Haimhesabu mwanamke anayetoka kijijini kila siku ya soko, akanywa maji ya mji, akatumia choo cha mji na akapanga foleni kwenye zahanati ya mji. La pili, vijidudu havijali jumla ya watu. Vinajali msongamano, na umbali kati ya choo na kisima. Ploti moja yenye familia 20 na choo kimoja inatosha kuanzisha mlipuko wa kipindupindu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: cheo cha jiji au manispaa kibaki na masharti yake, lakini maji safi, majitaka na takataka visisubiri cheo. Kaunti igawe huduma hizi kwa kuangalia msongamano wa nyumba na idadi ya wagonjwa wanaoripotiwa na vituo vya afya. Takwimu hizo zipo. Tunazijaza kila mwezi.

Nawe usidhani kwamba hati pekee itakuponya. Kipindupindu hufika hata Nairobi. Hati huleta pia ada na kodi, na mwenye nyumba anaweza kumwongezea mpangaji. Ndiyo maana nasema tudai huduma kwanza, jina litafuata.

Utafanya nini wewe? Mtoto akianza kuhara, mpe ORS mara moja, endelea kumnyonyesha na kumlisha, kisha mpeleke kituo cha afya apewe vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akiwa mlegevu, ameshindwa kunywa, anatapika kila kitu au ana damu kwenye choo, kimbia, usingoje asubuhi. Ukifika, taja mtaa unaoishi hasa, usitaje mji mkubwa ulio karibu. Mtoto anayetibiwa nyumbani kimya kimya, au anayeandikishwa mtaa usio wake, haonekani kwenye hesabu ya mtaa wenu.

Kisha nenda kwenye kikao cha maoni ya wananchi kabla kaunti haijapitisha bajeti. Ni haki yako kikatiba. Uliza ni watoto wangapi wa mtaa wenu waliotibiwa kuhara mwaka huu, na ni shilingi ngapi zimetengwa kwa maji na majitaka ya mji wenu. Ukijibiwa kwamba hamjafikisha watu, uliza swali la tatu: tunaohesabika sasa tunywe maji gani?

Yule mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya tatu. Nilimpa mama yake zinki na pakiti za ORS, nikamweleza jinsi ya kuchemsha maji. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Daktari, na kisima?" Hilo sikuwa na dawa yake.