Baiskeli ipimwe kwa miguu

Muuza baiskeli akishakutazama toka utosini hadi unyayoni husema, "Yako hii, inchi 24." Mimi nasema hapana. Watu wawili wenye kimo kimoja huweza kutofautiana kabisa: huyu ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, yule kinyume chake.

Vua viatu, simama ukutani, upimwe toka sakafuni hadi msambani. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata karibu 71, ndio urefu wa siti toka katikati ya ekseli ya pedali. Siti ikiwa chini mno, magoti huuma.

Lakini siti hupandishwa kwa spana. Bomba la juu la fremu halifupiki. Mwenye kiwiliwili kifupi hulazimika kujinyoosha kuufikia usukani, mpaka shingo inauma na vidole vinakufa ganzi. Nilivumilia hayo miaka miwili nikidhani ni uzee! Mtu wa namna hiyo achukue fremu ndogo, apandishe siti, ila asipite alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo yake. Na tusimnunulie mtoto baiskeli kubwa eti atakua nayo.