Kiasi si Nyundo

Wako watu katika Marekani, na idadi yao si haba, wanaoililia nyundo. Si nyundo ya seremala wala ya mhunzi, bali ile ndogo ya mbao ambayo wazee wao waliitumia kujazia tena maganda ya risasi, jioni, juu ya meza ya jikoni, baada ya vyombo vya chakula kuondolewa. Husema kwamba kazi ile ilimfanya mtu huru asimtegemee tajiri wa kiwanda, na tena ilikuwa salama kuliko mashine za leo, ambazo kila mkono ukivutwa hutoa risasi moja kamili. Maombolezo hayo ni matamu masikioni. Yakipimwa, mengi yake hayasimami.

Haki ya chombo itolewe kwanza. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal katika mji wa New Haven, Connecticut, akauza koleo zilizofanana na kibanio cha kuvunjia kokwa. Koleo hizo ziling'oa fataki iliyokwisha, zikatia mpya, zikakaza risasi mdomoni mwa ganda. Na baadhi yake zilikuwa na kalibu ya kusubia risasi papo hapo mwishoni mwa mikono. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka 1925, ikaendelea nazo kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin akaanza kuunda chombo chepesi zaidi: vipande vichache vya chuma na kijiko kimoja cha kupimia baruti, mwenyewe alete nyundo. Ni chombo cha akili, na atakayekidharau hajakijua.

Lakini uhuru ni neno kubwa. Mwindaji wa nyati wa miaka ya 1870 alisubu risasi zake kwa moto wa nyikani, ni kweli; fataki alinunua, baruti alinunua, na ganda la shaba ya manjano alinunua. Hata wepesi wa chombo chake haukutoka katika chombo. Katika miaka ya 1860 Edward Boxer, afisa Mwingereza, alibuni fataki ambayo ganda lake lina tundu moja katikati. Hiram Berdan, Mmarekani, akabuni nyingine yenye ganda la matundu madogo pembeni. Ajabu ni kwamba Marekani ilishika ya Mwingereza, na Ulaya ikashika sana ya Mmarekani. Kwa tundu lile moja, kijiti cha chuma hupenya na kuitoa fataki kwa pigo moja. Basi anayejisifu kwa unyofu wa nyundo yake anasimama juu ya kazi ya kiwanda asichokishukuru.

Katika jambo la usalama kosa ni zito zaidi. Baruti nyeusi ya zamani ilijaza ganda karibu lote. Aliyeitia mara mbili aliiona ikimwagika. Baruti isiyo na moshi, aliyoitengeneza Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo. Katika maganda mengi ya bastola vijiko viwili huingia na kufichika, na bunduki ikapasuka usoni pa mwenyewe. Mashine nayo yaweza kukosea vivyo hivyo, wala hakuna aliyesema haikosei. Fataki inayopigwa kwa nyundo huweza kulipuka kabla ya wakati wake. Na ile meza ya jikoni, picha inayopendwa kuliko zote, ndiyo mbaya kuliko zote: vumbi la risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Mtetezi atajibu kwamba babu yake alifanya hivyo miaka arobaini asipate jeraha. Waliopofuka hawakuachia wajukuu hadithi tamu.

Kiswahili cha pwani kililiona jambo hili vyema. Kamusi za kale zaeleza neno kiasi kuwa ni kipimo, na pia kuwa ni risasi pamoja na baruti yake, mzigo wa mlio mmoja wa bunduki. Watu walioshindilia gobori walikuwa na mdeki mkononi, lakini kitu hicho hawakukiita kwa jina la mdeki.

Lililo kweli katika maombolezo yale ni dogo. Koleo za Lyman na chombo cha Lee cha bunduki ndefu hubana shingo ya ganda tu, mwili wake wakauacha. Ganda lililokwisha kupigwa limechukua umbo la chumba cha bunduki ile ile, na likijazwa tena huikaa sawasawa. Ila katika bunduki nyingine huenda likakataa kuingia. Wapigaji shabaha wengi huutafuta ulingano huo. Hapo mzee mwenye nyundo ana hoja, ijapokuwa mwenye mashine huipata sifa hiyo hiyo kwa kubadili kipande kimoja cha chuma.